Pampu moja, matuta mawili: kisa cha viwavi wa Njiru walioishi na dawa tumboni

Katika shamba moja la robo ekari huko Njiru, mashariki mwa Nairobi, dawa moja ya viwavi ilifanya kazi upande mmoja na kushindwa upande wa pili. Pakiti ilikuwa moja, pampu moja, jioni moja, na mkono ulionyunyiza ulikuwa mmoja. Kwenye matuta ya juu, penye sukuma wiki, viwavi waliacha kula na wakafa. Kwenye matuta ya chini, penye kabichi changa zilizopakana na banda la kuku, waliendelea kutoboa majani mpaka mwenye shamba akaanza kuulizia dawa kali zaidi.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu hukumu ilikuwa imeshatolewa kabla sijafika: viwavi wamezoea dawa. Hukumu hiyo ingemtoa mama huyu kwenye njia aliyoihangaikia kwa misimu kadhaa, ingeua wadudu wanaomsaidia bila malipo, na haikuwa kweli. Jibu lilikuwa tumboni mwa kiwavi, na katika kile kilichoingia humo pamoja na dawa.

Shamba lenyewe

Mwenye shamba ni mama wa makamo anayekodi kiwanja na kumwagilia kwa maji ya kisima. Sukuma wiki yake huchukuliwa alfajiri na akina mama wauza mboga wa mtaani, na kabichi huuzwa kwa jumla zikikomaa. Mwisho wa shamba, kwenye mteremko, ana banda la kuku wa mayai, na samadi yao ndiyo inayorutubisha matuta ya karibu. Mambo yaliharibika Januari, katika kiangazi kati ya mvua za vuli na zile za masika, wakati ambapo mboga zina bei nzuri na nondo wa viwavi hawa wanazaana mfululizo.

Mdudu mwenyewe anajulikana na kila anayelima jamii ya kabichi, hata kama hana jina lake. Kitaalamu ni Plutella xylostella. Nondo ni mdogo, wa kijivu, na akikunja mabawa mgongoni hutokea alama za rangi hafifu zenye umbo la almasi. Kiwavi wake ni wa kijani. Ukimgusa hujipinda kwa fujo, hurudi nyuma kinyumenyume, kisha hujiachia akaning'inia kwa uzi. Hula upande wa chini wa jani na kuacha ngozi nyembamba ya juu, kwa hiyo jani hujaa vidirisha vyeupe kabla ya kutoboka kabisa. Wakati wa joto, safari ya kutoka yai hadi nondo huchukua wiki mbili hadi tatu tu, na ndiyo maana mkulima akikosea dawa mara moja, kizazi kipya kinampata kabla hajajua kosa liko wapi.

Mama alikuwa ameacha dawa za kemikali na kuhamia Bt, yaani dawa inayotokana na bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis. Kwenye sukuma wiki ya juu faida ya uamuzi huo ilionekana kwa macho. Tulipogeuza majani tulikuta, ndani ya vile vifuko vya nyuzi ambamo kiwavi hujifunga ili awe nondo, vifukofuko vigumu vya nyigu wadogo. Nyigu wa namna hii hutaga yai ndani ya kiwavi aliye hai. Kinachoanguliwa humla kwa ndani, na kiwavi akishajisokotea kifuko ili ageuke, anayetoka humo ni nyigu. Mmoja wao, Diadegma semiclausum, aliletwa Kenya kutoka Taiwan na watafiti wa icipe, kile kituo cha wadudu kilichoko Kasarani ambacho Profesa Thomas Odhiambo alikianzisha mwaka 1970. Aliachiliwa mwaka 2002 katika milima ya Taita na upande wa Limuru, na katika nyanda za juu akapunguza sana uharibifu wa mdudu huyu. Bt haimdhuru nyigu huyo. Dawa nyingi za kemikali zinazouzwa madukani humuua haraka kuliko zinavyomuua kiwavi. Hiyo ndiyo hasara iliyokuwa mezani mama aliposema anataka dawa kali.

Kuondoa sababu moja baada ya nyingine

Dawa ya Bt inaposhindwa, sababu za kawaida zinajulikana, na ni vema kuzimaliza kabla ya kutafuta za mbali. Dawa inaweza kuwa imeharibika dukani kwa joto. Inaweza kuwa imenyunyizwa mchana, maana jua huiharibu Bt kwa muda mfupi sana. Viwavi wanaweza kuwa wamekua mno, kwa kuwa wadogo hufa kwa kiasi kidogo na wakubwa huhitaji kingi. Inaweza pia kuwa dawa haikufika chini ya jani, na Bt isipoliwa haifanyi lolote.

Hapa, matuta ya juu yalijibu maswali mawili ya kwanza. Kama pakiti ingekuwa imeoza au jua ndilo lililoiharibu, viwavi wa sukuma wiki wangepona pia. La tatu tulilikagua: matuta ya chini yalikuwa na viwavi wa kila umri, hata wale wadogo kabisa waliokuwa bado wanachimba ndani ya jani. La nne lilinipa shaka zaidi, kwa sababu jani la kabichi lina nta na maji huteleza. Lakini sukuma wiki na kabichi ni mmea mmoja kwa asili, Brassica oleracea, na zote zina nta. Kabichi hizi zilikuwa hazijaanza kufunga vichwa, kwa hiyo viwavi hawakuwa na mahali pa kujificha. Zaidi ya hayo, mama ana mkono mzuri wa kunyunyiza, huelekeza mdomo wa pampu chini ya jani na kuweka sabuni kidogo ili dawa ishike.

Ikabaki usugu, yaani viwavi kuzoea dawa. Si jambo la kupuuza: mdudu huyu huyu ndiye wa kwanza duniani kuonyesha usugu dhidi ya Bt shambani, na taarifa ya kutoka Hawaii mwaka 1990 ndiyo iliyowashtua wataalamu. Ila usugu ni tabia ya kurithi. Nondo huruka usiku kutoka tuta hadi tuta, na kati ya matuta ya juu na ya chini pana hatua chache tu za kutembea. Wazazi ni walewale. Haiingii akilini watoto wa juu wafe na wa chini wawe sugu.

Ndipo nikauliza swali ambalo sasa naliuliza mapema zaidi katika kila shamba: "Mama, kwenye pampu ya matuta ya chini ulichanganya Bt na nini?"

"Si ni hii dawa ya kuku," akasema, akaniletea pakiti. Ilikuwa tetrasaiklini, antibiotiki ya unga ambayo kuku huwekewa kwenye maji ya kunywa.

Mama hakuwa amefanya upuuzi. Kabichi za chini zilikuwa na ugonjwa wa kuoza mweusi: jani linakauka kuanzia ukingoni kwa umbo la herufi V, rangi ya njano inaingia kuelekea katikati, na ukilikata mishipa yake ni myeusi. Ugonjwa huo huletwa na bakteria, Xanthomonas campestris, na hupenda mahali penye majimaji kama pale chini mteremko unapoishia. Mtu alimwambia kwamba ugonjwa wa bakteria hutibiwa kwa dawa ya bakteria, na dawa ya bakteria alikuwa nayo bandani. Alianza kuinyunyiza peke yake, kisha ili asirudie kazi mara mbili akaiweka kwenye pampu moja na Bt. Mantiki yake ilikuwa na hatua zote isipokuwa moja: Bt nayo ni bakteria.

Bt huuaje

Bakteria huyu aligunduliwa mara mbili. Mwaka 1901 Shigetane Ishiwata aliyekuwa akichunguza ugonjwa wa viwavi wa hariri huko Japani alimwona. Mwaka 1911 Ernst Berliner alimkuta Ujerumani ndani ya viwavi wa nondo wa unga, na jina thuringiensis linatokana na Thuringia, eneo la nchi hiyo. Anapojiandaa kulala, yaani kutengeneza spora ngumu inayostahimili ukame, hutengeneza pia fuwele ya protini. Dawa iliyoko kwenye pakiti kwa kawaida ina vyote viwili, spora na fuwele.

Kiwavi akila jani lililonyunyizwa, fuwele hufika kwenye utumbo wa kati. Utumbo huo si wa asidi kama tumbo letu. Una magadi makali, kipimo cha pH kati ya 9 na 11 hivi, na katika hali hiyo fuwele huyeyuka. Vimeng'enya vya kiwavi mwenyewe huikata protini na kuifanya sumu kamili, sumu hushika kwenye vipokezi vya seli za ukuta wa utumbo, hutoboa matundu, na seli huvimba na kupasuka. Saa chache baadaye kiwavi ameacha kula. Hufa baada ya siku kadhaa. Binadamu hana magadi hayo wala vipokezi hivyo, na ndiyo sababu dawa hii inaaminika kwenye mboga.

Mpaka hapo ndipo maelezo ya vitabu vingi vya kilimo yalipokuwa yakiishia. Lakini kati ya kuacha kula na kufa kuna siku kadhaa, na kwa miaka mingi jibu lilikuwa kwamba kiwavi anakufa njaa, au kwamba spora za Bt zinaota ndani yake na kumla. Mwaka 2006, Nichole Broderick, Kenneth Raffa na Jo Handelsman wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walichapisha jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Walichukua viwavi wa nondo Lymantria dispar, anayekausha misitu ya Marekani, wakawalisha mchanganyiko wa antibiotiki mpaka bakteria wa tumboni wakaisha, kisha wakawapa Bt. Viwavi hawakufa. Waliporudishiwa bakteria mmoja tu wa jamii ya Enterobacter, aliyekuwa mkazi wa kawaida wa tumbo hilo, Bt ikaanza kuua tena.

Maana yake ni kwamba Bt hutoboa ukuta, na wanaomaliza kazi ni bakteria ambao kiwavi alikuwa akiishi nao kwa amani. Ndani ya utumbo hawana madhara. Wakivuka kwenda kwenye damu ya mdudu, wanazaana humo na kumwangamiza. Ni sawa na bomba la majitaka linalopasuka mtaani kando ya bomba la maji ya kunywa: uchafu ulikuwepo siku zote, ugonjwa umekuja kwa sababu ya ufa.

Napenda sana utafiti huo, lakini haukukubaliwa hivihivi, na bila kueleza mabishano yaliyofuata kisa cha Njiru kingepotoshwa. Mwaka 2009 timu ya Ben Raymond ilijaribu jambo hilohilo kwa mdudu wetu huyu, Plutella xylostella. Badala ya kutegemea antibiotiki peke yake, waliwalea viwavi katika usafi wa maabara tangu yai, wasiwe na bakteria wowote tumboni. Bt ikawaua. Walipotumia antibiotiki, vifo vilipungua, lakini sababu haikuwa kukosekana kwa wakazi wa tumbo. Dawa iliyobaki mwilini mwa kiwavi ilikuwa inamshambulia Bt mwenyewe. Mwaka huo huo Paul Johnston na Neil Crickmore wa Uingereza walionyesha kwamba kiwavi wa tumbaku, Manduca sexta, naye huuawa na Bt bila msaada wa bakteria wa tumboni.

Kisha mwaka 2016 watafiti wa Italia wakaja na Spodoptera littoralis, ndugu wa karibu wa kiwavijeshi vamizi anayekula mahindi yetu tangu 2017. Kwa mdudu huyo, bakteria wa tumboni kama Serratia na Clostridium waligeuka wauaji mara Bt ilipotoboa ukuta, na kiwavi mwenye kinga dhaifu alikufa upesi zaidi.

Kwa hiyo hakuna kanuni moja kwa viwavi wote. Kwa wengine bakteria wa tumboni ndio askari wa Bt. Kwa wengine Bt hujitosheleza. Wapo hata bakteria wenye nyuso mbili: Enterococcus faecalis hutoa asidi, na asidi inaweza kupunguza ule ukali wa magadi unaohitajika kuyeyusha fuwele, lakini bakteria huyohuyo akimwagika kwenye damu ya kiwavi wa tumbaku humuua. Anayesema "bakteria wa tumboni husaidia udhibiti wa wadudu" na anayesema "huuzuia" wote wanaweza kuwa sahihi, kila mmoja kwa mdudu wake na kwa bakteria aliowakuta.

Liko jambo moja zaidi ambalo mkulima anaweza kulishika mkononi. Viwavi wengi hawana wakazi wa kudumu tumboni kama ng'ombe au mchwa walivyo nao. Bakteria wao hutoka kwa sehemu kubwa kwenye jani wanalokula, na jani huwapata kwenye udongo, maji na hewa. Anayenyunyiza jani anabadilisha tumbo la kiwavi, awe amekusudia au la.

Mikebe

Maelezo hayo yalinipa sababu ya kushuku tetrasaiklini, lakini kushuku si kuthibitisha, na mama alistahili kuona kwa macho yake kabla ya kuambiwa atupe dawa aliyoinunua. Tukatumia mikebe mitupu ya plastiki yenye vifuniko vilivyotobolewa.

Majani yote yalikatwa kwenye kabichi ambazo hazijawahi kunyunyizwa chochote, ili tofauti ya sukuma wiki na kabichi isituchanganye. Mengine yalichovywa kwenye maji ya kisima matupu, mengine kwenye Bt ya pakiti ileile, mengine kwenye Bt iliyochanganywa na tetrasaiklini kwa kipimo alichokuwa akitumia, na mengine kwenye tetrasaiklini peke yake. Kila namna ilirudiwa kwenye mikebe kadhaa, na viwavi wakachaguliwa wa ukubwa unaokaribiana. Zaidi ya hapo, kwa mikebe ya Bt tupu, tuligawa viwavi mafungu mawili: waliookotwa matuta ya juu na waliookotwa matuta ya chini. Mgawanyo huo ndio ulikuwa moyo wa jaribio, kwa sababu ndio ungetuonyesha kama kuna usugu.

Kwenye maji matupu, viwavi waliendelea kula, vivyo hivyo kwenye tetrasaiklini peke yake. Kwenye Bt tupu, viwavi wa juu na wa chini waliacha kula kufikia kesho yake, wakalegea, wakageuka weusi na laini, wakafa. Hakukuwa na tofauti ya maana kati ya mafungu hayo mawili. Viwavi wa chini, waliodhaniwa wamezoea dawa, walikufa na Bt ileile iliyoshindwa shambani.

Mkebe wa Bt pamoja na tetrasaiklini ndio uliotufundisha zaidi. Viwavi hawa nao waliacha kula mwanzoni, dalili kwamba fuwele iliyeyuka na sumu ikafika ukutani. Fuwele ni protini, antibiotiki haiigusi. Lakini kifo hakikufuata kama kwa wenzao. Baadhi walikufa, wengine walikaa wamedumaa kisha wakarudi kula, na baadhi yao wakafikia kujisokotea vifuko. Ukuta wa utumbo wa kiwavi una uwezo wa kujijenga upya ukipewa muda, na hapa ulipewa muda kwa sababu hakuna bakteria aliyepita kwenye ufa na kuuzidi mwili nguvu.

Ni bakteria yupi aliyezuiwa, Bt mwenyewe au wakazi wa tumbo? Mikebe ya plastiki haitenganishi hayo mawili. Kwa mdudu huyu nauegemea utafiti wa Raymond: tetrasaiklini ilizizuia spora za Bt zisiote na kuzaana, na hiyo peke yake inatosha kueleza tulichokiona. Ingekuwa ni kiwavi wa jamii ya Spodoptera, ningewatazama kwanza wakazi wa tumbo. Kwa mkulima matokeo ni yaleyale. Kifo cha uhakika cha kiwavi kinahitaji sumu ya kutoboa na bakteria hai wa kupita kwenye tundu, na antibiotiki inaondoa cha pili.

Hili lilieleza pia jambo lililomchanganya mama zaidi ya yote. Alisema siku ya pili baada ya kunyunyiza matuta ya chini viwavi "walilala", akafurahi, kisha wiki ikiisha wakawa wamejaa tena. Aliona vizuri. Walikuwa wamelala kweli.

Tuliyoamua

Tetrasaiklini iliondolewa shambani siku hiyohiyo, na sababu ya viwavi haikuwa hata ya kwanza. Pakiti ya dawa ya kuku inaeleza siku za kungoja kabla ya kuuza mayai na nyama. Haina neno juu ya kabichi, kwa sababu haikutengenezwa wala kuidhinishwa kwa kabichi, na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu haijawahi kuwa na sababu ya kuiweka kwenye orodha ya dawa za mboga. Jani linalonyunyiziwa antibiotiki wiki baada ya wiki ni kitalu cha bakteria sugu, na jani hilo huishia kwenye sufuria ya mtu wa Kayole au Umoja ambaye kesho anaweza kuhitaji dawa ya jamii hiyohiyo hospitalini. Kabichi zilizoshikwa sana na ugonjwa ziling'olewa na kuchomwa. Zile zilizokwisha nyunyizwa lakini zikawa nzima, nilimshauri asiziuze, na hilo lilimuuma, nami sioni jinsi ya kulifanya lisiume.

Swali la samadi lilikuwa gumu zaidi. Sehemu ya antibiotiki anayopewa kuku hupita na kutoka kwenye kinyesi, na samadi hiyo mbichi ilikuwa inatandazwa moja kwa moja kwenye matuta ya chini. Tulikubaliana samadi irundikwe, ilowe, igeuzwe na kuiva kwa wiki kadhaa kabla ya kutumika, na ile ya siku ambazo kuku wako kwenye matibabu itengwe isifike kwenye mboga kabisa. Kuku nao wasipewe antibiotiki "za kinga" wakiwa wazima.

Kuoza mweusi hakuna dawa ya kuliponya jani likishashikwa, kwa hiyo vita vyake ni vya kabla. Mbegu za kabichi zichovywe kwenye maji ya nyuzi joto 50 kwa dakika 25 kisha zipozwe na kukaushwa, kipimajoto kikiwepo maana joto likizidi mbegu inakufa. Maji yapitishwe kwenye mifereji kati ya matuta badala ya kumwagwa juu ya majani. Matuta ya chini yapumzishwe jamii yote ya kabichi na kupandwa maharagwe na dania. Mama aliuliza kuhusu dawa za shaba ambazo huuzwa kwa ugonjwa huo. Shaba nayo huua bakteria, kwa hiyo akiamua kuitumia kwa kufuata maelekezo ya pakiti, isiwe kwenye pampu moja na Bt, na pampu ioshwe vizuri katikati.

Bt yenyewe ilirudi kama ilivyokuwa: jioni, maji safi, chini ya jani, viwavi wangali wadogo. Kila akishanyunyiza mara kadhaa abadilishe, maana zipo aina mbili za Bt, kurstaki na aizawai, zenye sumu zisizofanana, na kubadilishana huchelewesha ule usugu wa kweli ambao safari hii haukuwepo. Nilimtajia pia dawa za kuvu, kama zile za Metarhizium ambazo icipe ilichangia kuzikuza. Kuvu huingia kupitia ngozi ya mdudu, si mdomoni, hivyo mtu angedhani bakteria wa tumboni hawahusiki. Wanahusika hata huko: mwaka 2017 watafiti wa China walionyesha kwamba mbu aliyeambukizwa kuvu wa Beauveria hufa upesi zaidi akiwa na bakteria wake wa tumboni, kwa kuwa kuvu hulegeza ulinzi wa utumbo na bakteria wakavuka kuingia kwenye damu.

Viwavi wa matuta ya chini walipungua katika kizazi kilichofuata, na sukuma wiki ya juu haikupoteza nyigu wake. Dawa kali haikununuliwa. Nilipita pia kwa muuza agroveti ambaye mama hununua kwake, nikamweleza mikebe ilivyokwenda. Aliuliza maswali mazuri kuliko niliyoyatarajia, hasa kuhusu wateja wake wa nyanya, ambao baadhi yao huchanganya dawa za mifugo na za mimea kwenye pampu moja bila kumwambia. Tulipatana kwamba mteja akija kulalamika kuwa Bt ni maji matupu, kabla ya kumuuzia kitu kingine amuulize alichokiweka kwenye pampu, na alichowapa kuku wake mwezi huo.